Mama, Kaseti na Matangazo ya Mwisho

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Itikieni kwa nguvu kidogo, na wale wa benchi la nyuma muamshane.

Mimi ni Mwende, wa kidato cha tatu, binti wa Mama Mwende mwenye duka la dawa za mifugo pale njia panda. Ndimi yule niliyetolewa kwenye kwaya kwa kucheka. Mchungaji ameniambia ushuhuda huu niuandike kwanza ndipo niusome, kwa sababu nikiachiwa mdomo mtupu nitawachekesha mpaka sadaka ipite bila kuonekana. Basi nimeandika. Jambo lenyewe halichekeshi sana.

Wengi wenu mnajua tulikotoka. Baba na Mama walikuja huku kwenye skimu ya mashamba ya serikali kutoka Machakos kabla sijazaliwa. Mwaka wa yale machafuko ya Likoni, karatasi zilipokuwa zikitupwa milangoni zikituambia watu wa bara turudi kwetu, Baba alisema anatangulia Machakos kututafutia shamba. Mpaka leo analitafuta. Lazima ni shamba kubwa sana.

Duka likabaki na Mama, mimi na paka. Ndugu zangu, hakuna aliyetutukana. Watu wa huku ni wastaarabu. Mtu alisimama mlangoni akatuamkia vizuri, akauliza hali ya watoto, ya kuku, mpaka ya paka, halafu akaenda zake Ukunda kununua dawa ya minyoo ile ile iliyokuwa kwenye rafu yetu. Mama alikuwa anaijua kazi yake. Aliifanya miaka mingi kwa mtu mwingine kabla ya kufungua duka lake. Lakini nani angejua? Machoni pa watu alikuwa mwanamke wa bara aliyeachwa na chupa zenye maandishi madogo. Zikaja zile mvua kubwa zikakata barabara. Kisha wazungu wakaacha kuja Diani, hoteli zikawarudisha vijana nyumbani, na hata aliyetaka kununua hakuwa na cha kununulia. Tulikunywa uji wa chumvi asubuhi, na jioni tukanywa ule uliobaki asubuhi.

Siku moja Mama alikwenda kusaga mahindi. Pale mashineni palikuwa na redio, na wanawake waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wanasikiliza kaseti ya mhubiri mmoja wa Mombasa. Mama aliporudi aliuweka mfuko wa unga chini, akakaa juu ya gunia la pumba.

"Yule hata hawajui sura yake," akasema. "Kabila lake hawalijui. Na wanaitikia kwa kichwa, wote, mpaka Waislamu. Mimi ninayewaamkia kila siku hawaniamini."

Nikamwambia, "Basi na wewe ingia kwenye redio, Mama. Umekuwa mwembamba siku hizi, utaenea."

Nilikuwa namtania. Yeye hakucheka. Kesho yake alikwenda Ukunda na ile redio kaseti ya Baba, akairudisha imetengenezwa, na kaseti tupu mkononi.

Tulirekodi stoo, nikitoka shule, katikati ya magunia, tukiwa tumetundika blanketi dirishani ili jogoo wa jirani asituingilie. Bado aliingilia. Mama alizungumza polepole, Kiswahili safi cha huku, kama anayemfundisha mtu mmoja tu. Mimi nilikuwa yule mkulima mbishi anayeuliza maswali ya kijinga. "Je, daktari, kuku wangu akikohoa nimpe chai ya tangawizi?" Mama anajibu, nami nabisha, anajibu tena. Nilikuwa na kipaji cha kuwa mjinga, na kwa mara ya kwanza kilikuwa na faida nyumbani.

Sasa sikilizeni hapa, ndugu zangu, maana ndipo tulipokosea. Mama amekuwa katibu wa kanisa hili tangu lilipokuwa la makuti. Utaratibu anaoujua ni wetu huu: wimbo, salamu, somo, na mwisho kabisa matangazo. Akazipanga kaseti vivyo hivyo. Wimbo niliimba mimi, maana kwenye kaseti hakuna mchungaji wa kunitoa. Kisha salamu, kisha somo la siku hiyo. Na yale yote ya tahadhari, usichanganye hivi, usimpe mnyama mwenye mimba, nawa mikono, ficha chupa, Mama aliyaweka kwenye matangazo. Nanyi mnajua wenyewe hapa kanisani matangazo yakianza watu hufanya nini. Wengine mmeshaanza kutafuta viatu.

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa mara moja. Mama aliigawa bure: mashineni, kwa kinyozi, kwenye kioski cha chai. Watu wakaicheza kwa sababu ya vichekesho, huo ndio ukweli. Lakini wachache wakaja kuchanja kuku wao. Kideri kilipokuja, kuku wa waliosikiliza walibaki wima, wa wengine wakafukiwa kwa majembe. Tangu hapo mlango wetu haukukosa mtu. Kila Mama alipotoa kaseti mpya, ilitembea kutoka nyumba hadi nyumba kuliko mganga. Watu wa Lunga Lunga, ambao hatukuwahi kuwaona, walikuja wakasema, "Tunamtafuta yule Daktari wa kaseti."

Mwanzoni Mama alikuwa akiwasahihisha. "Mimi si daktari, ni muuzaji." Baadaye alichoka kusahihisha. Baadaye tena nadhani alianza kulipenda lile jina. Nami shuleni nilikuwa binti wa daktari. Tulikuwa tunakula samaki.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bi Mwanatumu, Mdigo mwenye nyumba kule chini kwenye mikorosho. Alikuwa na mbuzi, kuku, na mjukuu wa miaka minne aitwaye Rama, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Baba yake Rama ni Bakari, aliyekuwa akifanya kazi hoteli moja ya Diani mpaka waliporudishwa nyumbani. Huyu Rama alikuwa akinisikia kwenye kaseti mpaka akanishika sauti. Bibi yake akija naye dukani, alisimama mbele ya kaunta, mikono kiunoni, akasema, "Je, daktari, nimpe chai ya tangawizi?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimwonea wivu. Alikuwa mjinga bora kuliko mimi.

Kisha Mama akatoa kaseti ya kupe.

Alisema mengi mazuri katika somo lile. Alisema dawa ya kuogeshea ng'ombe haichagui: inaua kupe, viroboto, chawa, na upele wa mbuzi unakauka. Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya ubishi, kama kweli upele unakauka, na Mama akajibu, "Unakauka kabisa." Na mwishoni, kwenye matangazo, akasema kwamba dawa hii ni sumu kwa binadamu na isiguse ngozi ya mtoto.

Juma lililofuata nilikuwa dukani, nimetoka shule, napanga chupa. Bakari akaingia. Alikuwa na jembe mkononi na tope mpaka magotini. Hakuamkia. Mtu wa huku asipoamkia, ndugu zangu, jua kwamba nyumba inaungua.

"Mama Mwende, dawa yako ya kupe ina nini ndani?"

"Kuna nini, Bakari?"

"Mama yangu amemuogesha Rama nayo. Ana upele mwili mzima tangu zile mvua. Amemuogesha adhuhuri, na sasa mtoto anatokwa na povu, anatetemeka kama kuku aliyechinjwa. Wamemkimbiza hospitali ya Msambweni, mimi nilikuwa shamba. Si wewe uliyesema upele unakauka kabisa?"

Mama alishika kaunta. "Nilisema wa mbuzi. Na nilisema ni sumu kwa watu."

"Ulisema wapi?"

"Mwishoni. Kwenye matangazo."

"Matangazo nani anayasikiliza?"



Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nilisikia mtu akisema watu wa bara wametuuzia sumu, na mwingine akamwambia nyamaza, kisha wa tatu akasema lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Kinyozi alishusha mlango wake. Yule wa chai alikuwa akiingiza mabenchi ndani. Niliwahi kuiona hali hiyo, mwaka ule wa Likoni, na mwili wangu ulijua kabla ya akili. Nilikuwa tayari nimelifunga sanduku letu la nguo.

Mzee Kyalo, ambaye yuko hapa na anajua namtaja, alipenya mlango wa nyuma. "Mama Mwende, lori la machungwa linaondoka sasa hivi kwenda Mombasa. Panda na mtoto wako. Hasira ikipoa utarudi."

"Baba Mwende naye alisema vivyo hivyo," Mama akajibu.

Kisha akamgeukia Bakari. "Hospitali wamepelekewa chupa?"

"Chupa ya nini?"

"Ya dawa. Wajue ni kitu gani."

"Nani angekumbuka chupa?"

Mama akachukua kutoka kwenye rafu chupa mpya ya dawa ile ile, akaifunga ndani ya leso, akatoka kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele, ndugu zangu, walikokuwa watu. Nikamfuata na sanduku mkononi, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba nimelishika.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Msambweni."

"Huko ndiko waliko wenye mtoto."

"Huko ndiko aliko mtoto."

Palikuwa na pikapu imepakia nazi, inateremka Msambweni. Bakari alikaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya nazi. Nikaomba. Mnaotaka kujua kama wachekeshaji huomba, tunaomba. Niliomba pikapu ile iharibike. Niliomba gurudumu, niliomba injini, niliomba ng'ombe walale barabarani. Siku nyingine dereva husimama kila kilima kumimina maji kwenye injini. Siku hiyo ilikwenda kama mpya. Mungu alinisikia vizuri akaninyima.

Tulimkuta Bi Mwanatumu kwenye benchi la nje ya wodi, na ndugu zake wamesimama kumzunguka. Mama alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Bi Mwanatumu."

Hakujibu. Mtu mzima wa Pwani kunyamazia shikamoo, hilo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Mmoja wa wale ndugu akasogea mbele na ngumi. Mama akamwambia, "Nipige nikitoka. Niache kwanza nimwone daktari."

Daktari alikuwa kijana, jasho linamtoka. Mama akamfungulia leso. "Ameogeshwa na hii. Ni dawa yangu, nimeiuza mimi."

"Mimi nimeambiwa ni dawa ya upele," akasema. Akasoma ubavuni mwa chupa, uso ukambadilika. Alikimbia nayo ndani. Tukasikia akiita sindano, akiagiza mtoto avuliwe na aoshwe tena kwa sabuni, mwili wote, mpaka kwenye nywele.

Ndipo Bakari aliposema maneno ninayoyasikia mpaka leo. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema taratibu, kama anayeagiza sukari. "Mtoto akifa, Mama Mwende, usirudi kule juu. Mimi sitakugusa. Lakini sitawazuia wengine."

"Nimesikia," Mama akasema.

Tukasimama. Wamesimama upande ule, tumesimama upande huu, katikati saruji tupu. Hata mimi nilikuwa nimeacha kuomba, maana sikujua tena niombe gari gani liharibike. Kisha Bi Mwanatumu akalivuta buibui lake, akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. Hakumtazama Mama. Mama akakaa.

Bi Mwanatumu akasema, kama anayeongea na ukuta, "Mimi ndiye niliyemuogesha. Alilia kwamba inawasha, nikamwambia tulia, ni dawa ya Daktari."

Mama akainamisha kichwa.

"Nilipokusikia umeanza yale matangazo yako, nilizima. Nikaenda kuinjika maji."

"Ilinipasa kuyasema mwanzo," Mama akasema. "Ilikuwa haki yako uyasikie mwanzo. Nami si daktari, Bi Mwanatumu. Ilinipasa nikuambie na hilo pia."

"Nilikuwa najua. Nilitaka tu awepo daktari karibu."

Halafu wote wawili wakalia, bila sauti, kila mtu kwenye leso yake. Mimi nilikuwa chini kwenye saruji, nimelikalia sanduku la nguo ambalo hatukwenda nalo popote. Pale, ndugu zangu, nilimwambia Mungu kwa mara ya kwanza kitu ambacho hakikuwa mzaha wala hila. Nilimwambia, mtoto huyu apone. Hata kama tutafukuzwa, apone.

Tulikaa pale mpaka kesho yake. Walimpiga sindano, wakangoja, wakampiga nyingine. Jua lilipokuwa limepanda, muuguzi akatoka akasema mtoto anaomba maji.

Natamani kuwaambia kwamba hapo ndipo kila kitu kilipokuwa sawa. Mngeitikia haleluya, tukaimba, tukaenda kula. Lakini nimeahidi kusema kweli. Rama alipona, ila miguu yake ilibaki dhaifu, anaburura mmoja akitembea, na daktari hakutuahidi lolote. Dukani tulikuta mlango umevunjwa. Dawa zilikuwa zimemwagwa, pumba imetapakaa, na redio imekwenda. Hata paka hakurudi. Wateja pia hawakurudi. Wakapita tena mbele ya mlango, safari hii hata kuamkia hawaamkii. Baba akatuma salamu kwamba twende Machakos. Nilimwambia Mama twende. Nililia nikimwambia. Mama alisema, "Nikienda leo, kila aliyenisikiliza atajua alisikiliza mwongo. Na kuna chupa zangu bado majumbani mwao, na mwisho wa kaseti hawajausikia."

Lakini angewaambiaje, hana redio, na hakuna anayemsikiliza?

Aliyetuletea jibu alikuwa Bi Mwanatumu. Alipanda kile kilima chote peke yake, redio yake kichwani, ile yenye spika moja iliyopasuka. Akaiweka juu ya kaunta iliyovunjika.

"Washa," akaniambia. "Na wewe usilete ubishi wako leo."

Sikuwa nao. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Mama alitaka kuanza, Bi Mwanatumu akamzuia kwa kidole. Akasema yeye, kwanza kwa Kidigo, halafu kwa Kiswahili ili na watu wa bara wasikie. Akajitaja jina, akamtaja baba yake na kijiji chake. Akasema, mimi ndiye niliyemuogesha mjukuu wangu sumu kwa mikono yangu hii, kwa sababu nilizima kabla ya mwisho. Mwenye chupa hii nyumbani aiondoe aliko mtoto, sasa hivi, ndipo arudi aendelee kusikiliza. Kisha akawangojea, mkanda ukizunguka. Kisha akasema, huyu mwanamke alikuja hospitali na chupa yake mkononi. Angeweza kukimbia. Nimemaliza.

Mama naye akasema yake. Alisema, mimi si daktari. Ninauza dawa za mifugo. Ninayoyajua ni haya, akayataja. Nisiyoyajua ni haya, na yale yalikuwa mengi zaidi. Hakukuwa na wimbo.

Kaseti hiyo ilienda mbali kuliko zote. Watu walileta chupa, nyingine zilikuwa zimekaa juu ya makabati ya vyombo, nyingine mvunguni mwa vitanda vya watoto. Mmoja alikuwa amepanga kuogesha watoto wake watatu siku ile ile. Mungu anajua wengine ni wangapi. Polepole wakaanza kununua tena. Na sasa mtu akimuuliza Mama jambo asilolijua, Mama anasema "silijui," na ajabu ni kwamba yule mtu harudi Ukunda. Anangoja Mama amuulizie.

Ndugu zangu, mimi nilifunguliwa kutoka kwenye woga. Tangu mwaka wa Likoni nilikuwa nikiishi na sanduku limefungwa, moyoni nikiwa na hakika kwamba majirani hawa siku moja watatumaliza, na mizaha yangu yote ilikuwa ya kuwafanya wacheke ili wasinipige. Yesu alinikalisha chini kwenye saruji ya Msambweni akanionyesha mama mmoja wa Kiislamu akisogea kwenye benchi. Sikuhubiriwa. Niliona.

Bakari bado hasemi nasi. Jumanne iliyopita alikuja, akasimama nje, akaomba dawa ya minyoo ya mbuzi bila kuamkia. Mama alianza na hatari zake kwanza, moja moja, ndipo akamwambia kipimo. Bakari alisimama juani akasikiliza yote. Mama alipomaliza, akauliza, "Na mtoto akiishika kwa bahati mbaya?" Mama akamweleza. Akauliza tena, Mama akaeleza tena. Kisha akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaondoka.

Namshukuru Mungu kwa hilo, na ni kubwa kwangu kuliko mnavyodhani. Muombeeni Rama miguu yake. Na kama yuko mtu hapa ambaye amejificha kwa kitu alichokosea, akidhani akijitokeza ataangamizwa, sikuahidi kwamba hutapigwa. Nakuambia tu nenda, na uende na chupa mkononi. Bwana yupo kule kule unakoogopa kwenda, na amefika kabla yako. Mtegemee.